Sangara wa Kina cha Magoti

Kwa mtu aliyezoea kumwona sangara akiwa mnofu juu ya barafu, au kichwa na mifupa ndani ya karai la mapanki, kumwona akitolewa majini akiwa na urefu wa kiganja huleta mshangao. Mjini Bukoba ndivyo anavyoonekana. Mtoto wa shule kasimama juu ya jiwe, suruali kaikunja hadi magotini, mkononi ana ufito wenye uzi wa nailoni, na nyuma yake bodaboda zinapita kwenye lami. Akivuta, kinachoning'inia kwenye ndoano ni samaki wa rangi ya fedha, mgongo umebinuka, jicho kubwa linang'aa, mdomo umepanuka kuliko mwili wake unavyostahili. Samaki wa aina hiyo, akijaliwa umri, hufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200.

Uvuvi wa Ziwa Victoria tunaouandika magazetini ni wa mitumbwi, injini, viwanda na operesheni. Uvuvi wa mtu aliyesimama nchi kavu ni nadra kuingia kwenye hesabu hizo, kwa kuwa haupiti mwaloni. Samaki huchomolewa kwenye ndoano, hutungwa kwenye unyasi kupitia matamvua, na jua likizama yuko jikoni. Wakubwa huuita mchezo wa watoto au kazi ya asiye na kazi. Mimi naona ni hapo, kwenye kina cha magoti, ambapo swali gumu la ziwa hili huulizwa kwa lugha nyepesi: samaki mchanga akishakuwa mkononi mwako, unamfanya nini?

Bukoba imejaliwa ufukwe. Tangu Emin Pasha, akiitumikia Ujerumani, alipoweka kituo hapa Novemba 1890, mji umekua ukilitazama ziwa ana kwa ana. Kuna bandari, kuna Bunena na kanisa lake, kuna uwanja wa ndege ambao njia yake inaishia karibu kabisa na maji, kuna fukwe za mahoteli, kuna mdomo wa mto Kanoni unaokatiza mjini, kuna Nyamukazi na mitumbwi yake. Mbele, majini, kisiwa cha Musira kimesimama na majabali yake. Sehemu zote hizo, asubuhi na jioni, hazikosi mtu mwenye mshipi. Mpita njia humuuliza, "Waitu, wanakula?" Naye, hata kama ndoo imejaa, hujibu kwamba leo hawali kabisa. Anayejibu vinginevyo atakuta wenzake wanne wamesimama juu ya jiwe lake kesho yake.

Vifaa vyenyewe havizidi bei ya chai na chapati. Mwenye nacho anao mwanzi. Asiye nacho amezungusha nailoni kwenye chupa tupu ya plastiki na anairusha kwa mkono. Chubwi ni nati ya baiskeli. Boya ni kipande cha kandambili. Chambo hakinunuliwi, maana Kagera ni nchi ya migomba, na kibanja cha Mhaya hutandazwa nyasi na majani makavu mwaka mzima ili udongo usikauke. Funua matandazo hayo popote baada ya mvua, utakuta nyungunyungu wanene wa kutosha wiki nzima. Sijui kama kuna wavuvi wengine nchini wenye ghala la chambo lililo tayari kiasi hicho mlangoni mwao.

Kinachokula nyungunyungu kwanza ni furu. Ni samaki mdogo, mwingi, mwepesi wa kudonoa, na mtoto hujifunzia kwake kama tulivyojifunzia baiskeli ya baba kwa kupitisha mguu chini ya chuma. Sato naye huja, lakini ana hadhari. Yeye hupenda donge la unga, tena lilainishwe vizuri. Penye magugumaji na matete yupo kambare, na kamongo ambaye akinasa huvuta taratibu na kwa ukaidi, mpaka mtu adhani ameshika gogo. Yupo gogogo, mwenye miiba ya mapezi inayosimama wima akitolewa, na ambaye humfunza mgeni adabu kwa kidole. Sangara hataki sana nyungunyungu. Yeye anataka kilicho hai. Kwa hiyo anayemtaka huvua kwanza furu, humtia ndoano mgongoni, humrudisha majini akiwa mzima, kisha hungoja giza lianze kuingia. Jicho la sangara limeumbwa kuona kwenye mwanga hafifu, na saa ambayo furu haoni vizuri ndiyo saa yake ya kula.

Jamaa zetu walioko Ulaya wataitambua mbinu hiyo. Kwenye mifereji na maziwa ya miji ya baridi kuna samaki aitwaye paiki, mrefu, mwenye mdomo bapa uliojaa meno, anayejificha kwenye majani ya majini na kurukia kinachopita. Mjini Stockholm, ambako maji ya ziwa Mälaren huingia katika bahari ya Baltiki katikati ya jiji, watu husimama kwenye kingo za mawe wakivua karibu na jumba la mfalme. Tangu 1985 sheria ya Uswidi inamruhusu mtu yeyote kuvua kwa vifaa vya mkononi, bila kibali, katika pwani yote ya nchi na kwenye maziwa yake makubwa matano. Baridi ya huko ni ya kuumiza vidole. Paiki mwenyewe hupunguza mwendo na ulaji wakati wa majira ya baridi, na mvuvi hulazimika kuvuta chambo polepole mno.

Bukoba haina barafu, lakini ina baridi yake, na baridi hiyo ina kazi ziwani. Mji uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, ekyanda kwa Wahaya, usiku huwa wa sweta, na pepo za kusi hulipiga ziwa kutoka kusini-mashariki. Upande wa magharibi, yaani upande wetu, mawimbi huja yamekusanya nguvu za safari ndefu. Mvuvi wa nchi kavu huona tu kwamba maji yamechafuka na uzi haukai. Chini yake kuna jambo kubwa zaidi. Miezi mingine maji ya juu yenye joto hukaa juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo bila kuchanganyika, na kule chini hewa ya oksijeni huisha. Kusi na baridi ya usiku huvunja utengano huo, maji ya juu na ya chini yakachanganyika, na virutubisho vilivyolala kwenye tope vikapanda.

Kuchanganyika huko kuna hatari yake, maana maji yasiyo na hewa yakisukumwa ghafla juu au kuelekea ufukweni, wa kwanza kufa ni sangara. Ukubwa wake haumsaidii. Kambare na kamongo hupanda juu wakavuta hewa ya kawaida. Sangara hana uwezo huo. Mwanzoni mwa 2021 upande wa Uganda sangara wengi walielea wakiwa wamekufa, na wataalamu wa serikali wakaeleza kuwa ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuchafua maji. Wazee wa ukanda huu wangemtaja Mugasha, mwenye ziwa na tufani katika imani za kale za Kihaya. Maelezo hayo mawili hayagombani sana, ukiyatafakari.

Sangara mwenyewe ni mgeni hapa. Aliletwa kutoka maziwa Albert na Turkana katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alionekana upande wa Uganda kabla ya kuenea kwingine. Kwa miaka kama ishirini hakuleta kishindo. Kisha, katika miaka ya 1980, akafurika ziwa zima. Kabla yake karibu asilimia 80 ya uzito wa samaki wa ziwa hili ulikuwa furu, wa aina zinazokadiriwa kuwa 500 au zaidi: mla konokono, mla mwani, mla mayai ya wenzake, mla magamba ya wenzake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi ghuba ya Mwanza tangu 1977, walijikuta wanaorodhesha viumbe vinavyotoweka mbele ya macho yao. Aina zipatazo 200 zinadhaniwa kuwa zimepotea. Baadaye, sangara alipovuliwa kwa wingi, baadhi ya furu walianza kurudi.

Ndiyo maana namtazama yule mtoto wa jiweni kwa heshima. Kwenye ndoo yake kuna historia hiyo yote: furu aliyenusurika, na sangara aliyetaka kumla.

Tatizo ni kipimo. Kwa Kanuni za Uvuvi za 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, wala sato aliye chini ya sentimita 25. Sasa maji ya ufukweni, yenye matete, mawe na uduvi wengi, ndiko sangara wachanga wanakokulia. Huanza kwa kula uduvi na wadudu wa majini, kisha hugeukia samaki wengine kadiri wanavyokua, na wakishakuwa wakubwa huenda kwenye kina. Na hata hizo sentimita 50 si kipimo cha utu uzima kwa wote. Jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume, na jike kubwa ndilo linalotaga mayai kwa mamilioni. Anayevua kwa mshipi kutoka nchi kavu, kwa hiyo, karibu kila sangara anayempata sheria inamwambia amwache.

Tuliona mwaka 2018 sheria hiyo ikishikwa kwa mkono wa chuma. Operesheni Sangara ilipopita kanda ya ziwa, nyavu zilichomwa, mitumbwi ikakamatwa, magari ya samaki yakazuiwa. Waliounga mkono walisema ziwa lilikuwa linakufa. Waliolalamika walisema waliumizwa kabla ya kusikilizwa. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninalotaka kusema ni kwamba kokoro likishavutwa nchi kavu halina huruma ya kutoa: samaki wachanga wamebanwa, wamepakwa mchanga, wamekufa kabla ya kuhesabiwa. Nyavu za timba nazo hukaba matamvua usiku kucha. Ndoano moja, kwenye kina cha magoti, ni chombo cha aina nyingine. Samaki anafika mkononi yu hai. Hajatolewa kwenye kina kirefu, hivyo kibofu chake cha hewa hakijavimba. Aliyemshika ana nafasi ya kuchagua, nafasi ambayo mwenye kokoro hana hata akitaka.

Waswidi wameijenga sheria yao juu ya nafasi hiyo. Katika pwani ya Baltiki paiki anayeruhusiwa kubebwa nyumbani ni wa kati ya sentimita 40 na 75, na mtu mmoja hazidishi watatu kwa siku. Mdogo anarudi akue, na jike kubwa linarudi likatage. Watu wanabeba rula pamoja na chambo. Hapa kwetu rula ya samaki ni kitu cha mwaloni na cha mlango wa kiwanda; kwa mtu wa jiweni hakuna aliyemletea, na sidhani kama kuna aliyefikiria kwamba anaihitaji. Ubao mmoja wenye alama mbili, ya 25 na ya 50, ukigongomelewa kwenye mti karibu na mdomo wa Kanoni, ungefundisha watoto wengi kuliko semina ya hotelini. Na bei yake ni ya ubao.

Nakubali kwamba ni rahisi kusema haya ukiwa umekula. Sangara wa kiganja, akikaangwa na kuwekwa juu ya ndizi zilizoungwa kwa nazi au karanga, ni kitoweo cha nyumba nzima, na hakuna sheria ya Stockholm inayoshuka hadi kwenye sufuria ya mjane wa Hamugembe. Huko Uswidi samaki anarudishwa na mtu ambaye friji yake ina samaki mwingine. Lakini furu hana mzozo huo, kambare hana mzozo huo, na ndoo ya ufukweni kwa kawaida hujaa hao. Kumwachia sangara mmoja kati ya samaki kumi wa ndoo hiyo hakumlazi mtu njaa.

Namna ya kumwachia nayo ina ustadi. Lowanisha mkono kwanza, maana mkono mkavu huondoa ute unaomkinga. Mshike kwa mdomo wa chini, kwani meno yake ni madogo kama msasa na hayakati, ila kifuniko cha tamvua kina ncha zinazopasua kidole. Ndoano ikiwa imemezwa, kata uzi. Usimrushe. Mtie majini kichwa kikielekea wimbi linakotoka, mwache avute maji mpaka aondoke mwenyewe. Sangara hufa haraka akiwa nje ya maji kuliko samaki karibu wote wa ziwa hili, hivyo picha ya simu isubiri.

Ukitoka Bukoba, ukapita Kemondo na kushuka wilaya ya Muleba, ufukwe unabadilika na kazi ya ndoano inabadilika. Sehemu nyingi nchi inashuka kwa majabali ya mawe mchanga, na mtu hapati pa kukanyaga. Kisha kuna visiwa: Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe, Mazinga. Bumbire ndiko mpelelezi Stanley alikozozana na wenyeji mwaka 1875, akarudi miezi michache baadaye kulipiza kwa bunduki. Maelezo yake yalisomwa hadi London na hayakumjengea jina zuri kwa kila msomaji. Leo habari ya visiwa hivyo ni samaki. Migonzo, yaani kamba ndefu zenye mamia ya ndoano, hutegwa usiku kwa ajili ya sangara wakubwa, na kila ndoano inadai chambo hai. Hapo ndipo furu na kambare wadogo wanaovuliwa kutoka ufukweni wanapopata bei. Mtoto anayevua jiweni huko anamuuzia mwenye mgonzo. Mchezo wa Bukoba, Muleba ni mnyororo wa biashara.

Mwisho wa mnyororo huo uko mbali sana. Minofu huenda Ulaya. Sangara aliyekaushwa kwa chumvi, kayabo, hufungwa kwa marobota kuelekea Kongo. Mabondo, kile kibofu cha hewa, huishia kwenye meza za Wachina, na kilo yake ina bei inayoifanya bei ya mnofu ionekane ya kitoto. Kadiri bondo linavyokuwa kubwa ndivyo linavyotafutwa, na bondo kubwa linatoka kwenye jike kubwa. Soko, kwa maneno mengine, linavuta upande mmoja na mayai upande mwingine. Ajabu ni kwamba mahali ambapo sangara mkubwa analipiwa akiwa bado majini papo hapa kwetu: Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, hupokea wageni wanaovua kwa fimbo za kisasa, na huko Murchison Falls nchini Uganda watalii husimama kwenye kingo za mto Nile, miguu ikiwa nchi kavu, wakimtafuta samaki huyohuyo ili wapige naye picha kisha wamwachie.

Kuna tahadhari za kusema waziwazi. Kichocho kipo pwani hizi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono na kuingia mwilini kupitia ngozi, hasa jua likishapanda, kwa hiyo anayevua alfajiri juu ya jiwe yuko salama kuliko anayesimama mchana ndani ya matete. Sehemu zenye matete mazito na midomo ya mito zina mamba na viboko. Wenyeji wanazijua, ulizeni. Na nailoni iliyokatika ikusanywe, kwani haiozi, na ndege wa majini hunaswa miguu.

Jambo la mwisho ni nafasi yenyewe ya kusimama. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kimo kilichozidi rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1964, na fukwe za Bukoba zikamezwa, miti ikasimama ndani ya maji, vibanda vikahamishwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini mita hizo huhesabiwa kutoka wapi, ziwa likiwa linasogea? Kuta zinajengwa, mageti yanawekwa, na njia ya miguu iliyokuwa inafika kwenye jiwe inageuka kuwa bustani ya mtu. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa, na waliofika kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi na makasia. Walifika kwanza kwa sababu walikuwepo. Mji wenye ufukwe uliofungwa kwa kuta usingekuwa na watu hao pale.

Kwa anayetaka kujaribu: Machi mpaka Mei, mvua za etoigo zikikolea, Kanoni hushuka na tope na takataka za mjini, na hapo kambare huwa wengi mdomoni mwake kuliko samaki mwingine yeyote. Sato ni wa asubuhi tulivu, kabla upepo haujaamka. Sangara subiri saa kumi na mbili jioni, na furu aliye hai. Kuhusu kibali, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya kununua ndoano, na ukiwa hapo waulize pia kuhusu ule ubao.